Papenburg, ilikoundwa Liemba: tuandike iko wilaya gani ya Ujerumani?

Kibirizi_Mwaloni (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni.

Tunaandaa bango la maelezo ya MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, litasimikwa karibu na bandari, wasomaji ni wanafunzi na wageni. Sehemu ya Kigoma haina tatizo. Kinachotukwamisha ni mstari mmoja tu: meli iliundwa wapi hasa. Wote wanakubaliana ni Papenburg, karakana ya Meyer, mwaka 1913. Baada ya hapo kila chanzo kinashika njia yake. Kimoja kinasema "Papenburg, Hannover". Kingine "Papenburg, Prusia". Cha tatu "wilaya ya Emsland, jimbo la Niedersachsen". Halafu kuna karatasi ya zamani imeandika "Kreis Aschendorf".

Naomba msaada kwa haya:

1. Ipi ni sahihi kwa 1913, na ipi kwa leo?
2. "Kreis" ni wilaya, tarafa au mkoa? Ni kitu kimoja na "Bezirk" tunayoisoma kwenye habari za Tabora na Ujiji?
3. Ramani inaonyesha Papenburg haipo ufukweni. Iliwezekanaje karakana ya meli iwe huko bara?

Bango lina nafasi ya sentensi chache, lakini napenda kuelewa zaidi ya ninachoandika, maana maswali ya watoto hayaishii kwenye bango.

---

Ramani_za_Kale (Tabora)

Ndugu Kibirizi, majina yote manne ni ya kweli, ila si ya mwaka mmoja wala ya ngazi moja. Ndiyo maana yanaonekana kugombana. Andika utawala wa mwaka wa tukio, kisha ongeza wa leo ili msomaji aweze kupaona kwenye ramani ya simu yake.

Kwa 1913, kutoka chini kwenda juu, mpangilio ulikuwa hivi: mji wa Papenburg, ndani ya Kreis Aschendorf, ndani ya Regierungsbezirk Osnabrück, ndani ya mkoa wa Hannover, ndani ya Ufalme wa Prusia, ndani ya Dola la Ujerumani. Ngazi sita. Anayeandika "Hannover" ametaja ya nne kutoka chini, anayeandika "Prusia" ya tano.

Kwa leo: mji wa Papenburg, Landkreis Emsland, jimbo la Niedersachsen. Ngazi ya Osnabrück imekufa. Niedersachsen ilikunja Osnabrück ndani ya Weser-Ems mwaka 1978, na 2004 ikafuta kabisa ngazi hiyo ya katikati.

Eneo hili limebadilisha wenyewe mara nyingi kuliko ukubwa wake unavyostahili. Meppen na pande zake zilikuwa chini ya askofu-mtawala wa Münster tangu 1252. Huyo alikuwa askofu mwenye madhabahu na jeshi pamoja, na ndiyo sababu eneo hilo ni la Kikatoliki mpaka leo, wakati jirani zao wa kaskazini, Ostfriesland, wengi ni Waprotestanti. Mwaka 1803 maeneo ya maaskofu yaligawiwa wakuu waliopoteza ardhi zao magharibi ya mto Rhine, na Meppen akapewa mtawala wa Arenberg. Napoleon akaja akalimeza eneo lote ndani ya Ufaransa kwa miaka michache. Mkutano wa Vienna, 1815, ukalikabidhi kwa Ufalme wa Hannover. Lingen, upande wa kusini, ilikuwa na historia yake: ilikuwa ya Prusia tangu 1702, nayo ikatiwa Hannover wakati huohuo. Mwaka 1866 Prusia ikaivamia Hannover, ikaifuta kama ufalme na kuifanya mkoa.

Hapo ndipo wilaya zinapoingia. Sheria ilitungwa 1884, ikaanza kutumika 1885, nazo Kreis nne zikazaliwa: Aschendorf, Hümmling, Meppen na Lingen. Mwaka 1932 Aschendorf na Hümmling ziliunganishwa ili kubana matumizi, zikawa Aschendorf-Hümmling. Tarehe 1 Agosti 1977 hiyo pamoja na Meppen na Lingen zikawa Landkreis moja, Emsland, makao makuu Meppen, kwa kuwa Meppen iko katikati.

Kwa hiyo, mkiandika "iliundwa katika wilaya ya Emsland mwaka 1913" mtakuwa mmekosea kwa miaka 64. Emsland lilikuwepo kama jina la nchi, yaani bonde la mto Ems, lakini halikuwa wilaya.

Tahadhari tatu za utafutaji, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotea:

– Aschendorf ya leo si wilaya wala si mji. Tangu 1973 ni sehemu ya Papenburg, kama kata. Yaani makao makuu ya wilaya ya zamani yamo ndani ya mji uliokuwa chini yake. Ipo pia Aschendorf nyingine karibu na Bad Rothenfelde, kusini ya Osnabrück. Unayoitaka ni ile ya mto Ems.

– Maandishi ya kale ya Kijerumani yana "s" ndefu inayofanana na "f". Mashine za kusoma maandishi huandika "Afchendorf". Tafuta kwa tahajia zote mbili. Hümmling nayo jaribu "Huemmling". "Kanal" kabla ya 1901 huandikwa sana "Canal".

– Hannover ni jina la mji, la ufalme wa zamani na la mkoa wa Prusia. Liemba haikuundwa katika mji wa Hannover, ambao uko mbali sana kusini-mashariki. Mkiacha neno Hannover peke yake, kila mgeni atafikiri ni mjini.

---

Boma_Unyanyembe (Tabora)

Mkuu amejibu la kwanza vizuri. Nijibu la pili.

Kreis na Bezirk ya huku kwetu si kitu kimoja, hata kama vitabu vya Kiswahili vinaviita vyote "wilaya".

Kreis ya Prusia ilikuwa na sura mbili. Mkuu wake, Landrat, mwaka 1913 aliteuliwa na mfalme, kwa hiyo alikuwa mkono wa serikali kuu. Lakini Kreis ilikuwa pia na baraza lake, Kreistag, lenye bajeti, barabara na mali zake. Upigaji kura wa wakati huo uliwapendelea wenye ardhi na wenye fedha, hilo lazima lisemwe. Hata hivyo baraza lilikuwapo na lilikuwa na sauti.

Bezirk ya Tabora au ya Ujiji haikuwa na upande huo wa pili kwa wenyeji. Bezirksamtmann alikaa bomani akiwa mkuu wa utawala, hakimu na mkusanya kodi kwa pamoja, akiwajibika kwa gavana aliyekuwa Dar es Salaam. Wananchi hawakumchagua wala hawakuwa na baraza la kumhoji. Kigoma ilikuwa ndani ya Bezirk ya Ujiji, ambayo kwenye karatasi za Kijerumani imeandikwa "Udjidji". Rwanda, Urundi na Bukoba hazikuwa Bezirk za kawaida. Ziliitwa Residentur, na ofisa wa Kijerumani alitawala kupitia wafalme na watemi wa huko.

Kuna mtego mmoja hapo kwenye majina. "Regierungsbezirk" ya Ujerumani, kama hiyo ya Osnabrück, ina neno Bezirk ndani yake lakini ilikuwa ngazi juu ya Kreis. Usiitafsiri "wilaya", utakuwa na wilaya ndani ya wilaya. Iite "kanda" au iache kwa Kijerumani.

Leo Landrat wa Emsland anachaguliwa na wananchi moja kwa moja, na madiwani wa Kreistag wanachaguliwa kila baada ya miaka 5. Kazi za Landkreis ni zile zinazozidi uwezo wa mji mdogo: barabara za wilaya, shule za ufundi, taka, ustawi wa watoto, vibali vya ujenzi, usajili wa magari. Chini yake kuna miji na vijiji, na pale ambapo vijiji ni vidogo mno hujiunga kuwa na ofisi moja ya pamoja, inayoitwa Samtgemeinde. Emsland ina 9 za namna hiyo: Sögel, Werlte, Lathen, Dörpen, Spelle na nyinginezo. Kila kijiji kinabaki na diwani zake, ila mhasibu na mhandisi ni wa pamoja. Mpangilio huo unastahili kuangaliwa hata na halmashauri zetu.

Kwa ukubwa: Emsland ina kilomita za mraba zaidi kidogo ya 2,880. Kwa Ujerumani hiyo ni wilaya kubwa kweli, inalizidi jimbo zima la Saarland. Kwetu, mkoa wa Tabora peke yake ungeimeza mara 26. Watu wake ni zaidi ya 330,000.

---

Udongo_Mweusi (Kigoma)

Swali la tatu ndilo tamu, na jibu lake ni kinamasi.

Tazama ramani. Mto Ems unashuka kutoka kusini kwenda kaskazini: Lingen, Meppen, ambapo mto Hase unaingia, kisha Haren, Lathen, mpaka Papenburg, halafu unaishia ghuba ya Dollart na Bahari ya Kaskazini. Wilaya imelala kufuata mto, ndefu na nyembamba, kilomita 90 hivi toka kichwa hadi mguu. Magharibi ya mto, hadi mpaka wa Uholanzi, palikuwa na Bourtanger Moor, kinamasi kikubwa kilichowatenganisha watu wa pande mbili kuliko mpaka wenyewe. Mashariki kuna Hümmling, vilima vya mchanga ambavyo kilele chake, Windberg, ni mita 73 tu. Vilima hivyo sisi wa Kigoma tungeviita tambarare.

Sasa kinamasi hicho msikifananishe na cha Malagarasi-Muyovosi. Chetu kinalishwa na mito, kina mafunjo, samaki na rutuba inayoletwa na mafuriko. Cha kwao kililishwa na mvua peke yake. Maji ya mvua hayana madini, kwa hiyo kinachoota ni mmea mdogo laini uitwao sfagnamu, unaokufa juu ya mwenzake bila kuoza kwa sababu chini hakuna hewa na maji yana asidi. Kwa maelfu ya miaka unapata tabaka la mita kadhaa la mboji iliyovimba juu kuliko ardhi ya pembeni. Ndiyo hiyo pitimosi ambayo wauza miche wanaiweka kwenye trei za kuoteshea nyanya. Tabaka la juu ni jeupe na jepesi. La chini ni jeusi, zito, na likikauka linawaka kama kuni.

Eneo halikuwa na misitu ya kutosha, na miji ya pwani ilihitaji kuni. Mwaka 1631 Dietrich von Velen alipewa ardhi ya kinamasi pale Papenburg, akaanzisha makazi kwa mfano wa Waholanzi. Kazi ilikwenda kwa mpangilio huu, na kila hatua ina sababu:

Kwanza mfereji mkuu, kuanzia upande wa mto kwenda ndani ya kinamasi. Mboji mbichi karibu yote ni maji, huwezi kuikata wala kuikanyaga kabla haijachujwa. Kisha mifereji midogo ya pembeni. Hapo unasubiri. Mwenye haraka akichimba kwa kina mara moja, kingo zinabomoka na kuziba mfereji.

Baada ya hapo unavua tabaka jeupe la juu na kuliweka kando. Unakata jeusi kwa umbo la tofali, unalipanga kwa nafasi ili upepo upite, unaligeuza, unaliacha majira ya kiangazi. Baridi kali ikilikuta bado bichi, linapasuka na kuwa vumbi, halifai tena kuuzwa. Likikauka, linapakiwa kwenye mashua na kupelekwa kwenye miji ya jirani. Mashua hairudi tupu: inarudi na tope la pwani na samadi. Lile tabaka jeupe ulilolitunza unalirudisha juu ya mchanga uliobaki, unachanganya na tope na samadi, ndipo unapata shamba.

Kilichoharibu mashamba mengi ni kuuza na tabaka la juu. Ukibaki na mchanga mtupu, hakuna kinachoshika maji wala mbolea.

Mmeshaona karakana ilitokea wapi? Watu walioishi kando ya mifereji walihitaji mashua za kubebea mboji. Waunda mashua wakawa waunda majahazi, majahazi yakatoka Ems yakaingia baharini. Meyer ilianzishwa 1795 katika hali hiyo, ikiunda vyombo vya mbao. Miaka ya 1870 ikahamia chuma na mvuke, wakati wenzake wengi waliobaki na mbao walikufa. Papenburg mpaka leo ina mifereji ya kilomita 40 hivi katikati ya mitaa. Kwa hiyo kwa watoto mnaweza kusema bila kukosea kwamba Liemba ina asili ya mtaro wa kinamasi.

Nje ya Papenburg hali ilikuwa ngumu zaidi. Wakulima wasio na mfereji walichimba vijifereji vifupi, wakachoma uso wa kinamasi wakati wa masika na kupanda ngano nyeusi kwenye majivu. Miaka 6 hivi udongo unaisha, halafu inabidi pakae bure takribani miaka 30. Ngano nyeusi haivumilii baridi, kwa hiyo usiku mmoja wa jalidi mwezi wa sita ulitosha kuleta njaa. Msemo wao kuhusu vizazi vya walowezi ni huu: wa kwanza alipata kifo, wa pili dhiki, wa tatu mkate.

---

Kibirizi_Mwaloni

Asanteni sana, wakubwa. Sasa nimeelewa kwa nini karakana iko huko.

Mawili yamebaki. Tumepewa picha tatu za "karakana ya Meyer", moja ni jengo kubwa mno lenye paa, nyingine ni ya mitaani ina magari, ya tatu ni gati dogo lenye nyumba za matofali. Ipi inafaa? Pia kuna mwenzetu anauliza kama historia ya Emsland baada ya vita ya kwanza ina jambo la kuwaambia wageni wakiuliza. Nimesikia habari za kambi.

---

Ramani_za_Kale

Picha ya jengo kubwa iacheni. Hilo ni la meli za kitalii za siku hizi, liko nje ya mji, na karakana ilihamia huko mwaka 1975. Goetzen, yaani Liemba kwa jina lake la kwanza, iliundwa kwenye karakana ya zamani, ndani ya mji, kando ya mfereji. Picha ya gati lenye matofali ndiyo yenye uwezekano, ila hakikisheni kwanza.

Ya magari mnaweza kuikadiria mwaka kwa namba za usajili. Herufi IS ni mkoa wa Hannover, kabla ya 1945. ASD ni wilaya ya Aschendorf-Hümmling, mfumo ulioanza 1956. EL ni Emsland, yaani 1977 kuja huku. MEP na LIN ni Meppen na Lingen za kabla ya muungano. Tahadhari moja: gari linatembea. Namba moja haithibitishi mahali, lakini namba nne za aina moja mtaa mmoja zinathibitisha vya kutosha.

Mkitaka hati, za utawala wa Kreis Aschendorf ziko hifadhi ya nyaraka ya Niedersachsen, tawi la Osnabrück, na orodha yake inatafutika mtandaoni kwa jina Arcinsys. Hati za wizara ya makoloni haziko huko. Ziko Berlin, hifadhi ya taifa, fungu R 1001. Za utawala wa Kijerumani uliokuwa hapa nchini ziko Dar es Salaam, nyaraka za taifa, fungu G. Kuomba hati ya Tabora kule Osnabrück ni kupoteza mwezi mzima.

---

Udongo_Mweusi

Kuhusu kambi: ndiyo, na wageni wa Kijerumani watauliza, kwa hiyo afadhali muongoza wageni ajue.

Mwaka 1933 Wanazi walifungua kambi za kwanza Börgermoor, Esterwegen na Neusustrum, zote katika kinamasi. Mpaka 1945 zilifika 15, chache zikiwa wilaya jirani ya Bentheim. Wa kwanza kufungwa walikuwa wapinzani wa kisiasa. Walipewa majembe ya mkono na kuamriwa kukausha kinamasi, kazi ambayo hata kwa mashine ni ngumu. Lengo lilikuwa kuwavunja watu, shamba lilikuwa kisingizio. Mwandishi Carl von Ossietzky alifungwa Esterwegen, na alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1935, Novemba 1936, alikuwa ameshahamishiwa hospitali Berlin akiwa mgonjwa. Alikufa 1938 kutokana na aliyotendewa. Wakati wa vita wakaletwa mateka, na wa Kisovieti walikufa kwa maelfu kwa njaa na magonjwa. Esterwegen kuna jumba la kumbukumbu tangu 2011.

Mji wa Haren una kisa chake. Mei 1945 wakazi waliamriwa kuhama, na mji ukapewa Wapolandi waliokombolewa kutoka kambi na kazi za lazima, chini ya ulinzi wa kikosi cha Jenerali Stanisław Maczek. Ukaitwa Maczków, mitaa ikapata majina ya Kipolandi, shule zikafunguliwa. Wenyeji walirudi 1948. Mkikutana na "Maczków" kwenye karatasi ya miaka hiyo, msitafute Polandi, ni Haren ya mto Ems.

Baada ya vita Uholanzi ilidai baadhi ya ardhi za mpakani, wakimbizi wa Kijerumani kutoka mashariki walikuwa wamejaa, na Emsland ilikuwa miongoni mwa maeneo maskini kabisa ya Ujerumani Magharibi. Tarehe 5 Mei 1950 bunge lilipitisha mpango wa kuliendeleza. Kampuni ya umma, Emsland GmbH, iliundwa 1951 na kufanya kazi hadi 1989. Barabara, umeme, maji, nyumba, na hasa kulima.

Ulimaji wenyewe unastahili kuelezwa, maana ni ufundi. Chini ya mchanga wa kule mara nyingi kuna tabaka gumu la chuma na mboji iliyoganda, mizizi haipiti, maji hayapiti. Juu yake mboji. Ukilima juujuu, mvua ikinyesha shamba linafurika, jua likiwaka linakauka. Dawa ilikuwa plau za Ottomeyer zilizoitwa Mammut, zinazokata karibu mita 2 kwenda chini. Trekta haiwezi kuvuta kitu hicho, ingezama. Kwa hiyo injini za mvuke zilisimama pande mbili za shamba na kuvuta plau kwa waya kwenda na kurudi. Plau inapindua matabaka yakalala mshazari, ukanda wa mchanga, ukanda wa mboji, huku lile tabaka gumu likivunjika. Mchanga unapitisha maji, mboji inayatunza. Mboji ikiwa nene mno plau haifiki mchanga, na hapo kazi yote ni bure, ndiyo maana nyingine ilikatwa kwanza. Plau hizo zipo kwenye makumbusho ya kinamasi Groß Hesepe.

Hasara ilionekana baadaye. Mboji iliyokaushwa inakutana na hewa, inaoza, ardhi inadidimia na kaboni inatoka. Kwa hiyo sasa wanaziba mifereji kurudishia maji sehemu zilizobaki, wakishirikiana na Waholanzi katika hifadhi ya pamoja iliyoanzishwa 2006. Mimi ningeliweka hilo mbele ya kila mtu anayetaka kukausha mabonde ya Malagarasi: waliokausha mapema ndio wanaolipa leo kurudisha maji.

---

Boma_Unyanyembe

Niongeze mafupi, kwa maswali ya wageni. Mafuta yaligunduliwa Dalum, karibu na Lingen, mwaka 1942, na Lingen ina kiwanda cha kusafishia tangu miaka ya 1950. Kinu cha nyuklia cha Emsland, kilichoko Lingen, kilizimwa 15 Aprili 2023, siku Ujerumani ilipozima vinu vyake vitatu vya mwisho. Lathen ilikuwa na njia ya majaribio ya treni ya sumaku ya kilomita 31.5. Ajali ya tarehe 22 Septemba 2006 iliua watu 23, na majaribio yalikoma miaka michache baadaye. Meyer yenyewe ilikwama kifedha, na 2024 serikali kuu pamoja na jimbo la Niedersachsen zilinunua karibu asilimia 80 ya hisa ili isife.

Meli zake za sasa ni kubwa kiasi kwamba zinateremka Ems kinyumenyume zikiongozwa na tagi, yaani meli ndogo za kuvuta, na lango la mto pale Gandersum hufungwa ili maji yapande. Goetzen haikuhitaji hayo. Ilisafiri ikiwa vipande.

---

Kibirizi_Mwaloni

Nimeandika hivi, naomba mnisahihishe kabla haijapelekwa kwa mchoraji:

"MV Liemba iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, Papenburg, mji uliokua kwa mifereji iliyochimbwa ndani ya kinamasi kaskazini-magharibi ya Ujerumani. Wakati huo Papenburg ilikuwa katika Landkreis Aschendorf, mkoa wa Hannover, Ufalme wa Prusia. Leo iko Landkreis Emsland, jimbo la Niedersachsen. Meli iliunganishwa kwa ribiti, ikafunguliwa na kupakiwa katika masanduku 5,000 hivi, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma. Mafundi watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, waliongoza kazi ya kuiunganisha hapa. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915 kwa jina Graf von Goetzen. Wajerumani waliizamisha Julai 1916. Waingereza waliiibua 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina Liemba."

---

Ramani_za_Kale

Safi sana, ndugu yangu. Masahihisho matatu.

Kwanza, "iliunganishwa kwa ribiti" si kwa Papenburg. Kule ilifungwa kwa bolti za muda ili kuhakiki kila kipande kinakaa mahali pake, kila kimoja kikapewa namba, kisha ikafunguliwa. Ribiti ukishaigonga huifungui bila kuikata. Ribiti zilipigwa Kigoma. Andika: "Iliunganishwa kwa bolti, ikafunguliwa…", na kwenye sentensi ya mafundi ongeza "kwa ribiti". Hilo linawapa haki yao pia vibarua na mafundi wa huku. Kazi nzito ya kuiunda mara ya pili ilifanyika Kigoma, kwa hiyo badala ya "mafundi watatu waliongoza" andika "mafundi watatu wa Papenburg waliongoza, wafanyakazi wengi wa Kiafrika wakaifanya".

Pili, ongeza kwamba Wajerumani walizipaka injini grisi kabla ya kuizamisha. Bila hilo msomaji hataelewa iliwezekanaje chombo kikae chini ya maji miaka mingi kisha kitembee.

Tatu, kwa 1913 ondoa "Land". Neno "Landkreis" lilikuwa jina rasmi la wilaya zote kuanzia 1 Januari 1939. Kabla ya hapo, katika Prusia, wilaya kama hii iliitwa "Kreis" tu. Kwa hiyo: "Kreis Aschendorf" kwa wakati ule, "Landkreis Emsland" kwa leo. Karatasi yako ya zamani ilikuwa sahihi.

---

Kibirizi_Mwaloni

Nimerekebisha yote matatu. "Kreis Aschendorf" kwa 1913, bolti Papenburg, ribiti Kigoma, na grisi imeingia. Inakwenda kwa mchoraji kesho asubuhi.